Yah: Ombi la Kifusi

Kwa wakubwa wa Mipango Miji,
Jiji la Arusha.

Kupitia kwa: Mwenyekiti wa Kijiji (akipatikana).



Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkulima wa mahindi na maharage hapa Kikwe, Halmashauri ya Meru, kwa hiyo kiutawala hamnihusu na mimi siwahusu. Lakini Mpango Kabambe wenu, ule wa kufikia mwaka 2035, haukuujali mpaka huo. Ulivuka ukaingia Halmashauri ya Arusha, ukaja na huku kwetu Meru bila hodi. Mgeni akishafika uani, mwenyeji naye ana ruhusa ya kuomba kitu. Sisi tunaomba kifusi.

Kila nikipanda hiace kwenda mjini nakuta mabati yamezungushiwa mahali palipokuwa na duka. Nikirudi tena nakuta shimo, na baadaye nakuta ghorofa la vioo lenye bango la kupangisha fremu. Silalamiki, maana anayelalamikia ghorofa huku kwetu anaitwa mchawi. Ninachouliza ni lilikokwenda lile duka. Lilikuwa na mwaka wake umeandikwa juu ya mlango, lilikuwa na bati jekundu la kutu, na mbele lilikuwa na baraza. Hapo fundi cherehani aliweka mashine yake, na mvua ikianza, mpita njia alijisogeza bila kuulizwa amekuja kununua nini. Ghorofa la vioo halina baraza, lina mlinzi.

Kuhusu vioo hivyo, hongereni. Arusha ipo mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, mji ambao mwezi wa Julai hata mbwa hutafuta jua. Kumpata mtu wa kufungulia kiyoyozi katika baridi ile ilikuwa kazi, mkaiweza kwa kujenga nyumba inayojipika yenyewe. Na wale waliodai kwamba maghorofa yatauficha Mlima Meru wameaibika: mlima unaonekana vizuri tu kwenye vioo, ila upande wake wa kulia umekuwa wa kushoto.

Najua mtaniuliza msingi wa kisheria wa ombi langu. Ninao wa aina mbili.

Kwanza, mwaka 1971 Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na katikati ya miji yetu yalikuwa mengi. Yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 Shirika la Nyumba la Taifa likamrithi Msajili. Tuliambiwa yametwaliwa kwa niaba ya wananchi. Mimi ni mwananchi, kadi ninayo. Tangu hapo sijawahi kuletewa hata kitasa. Kwa kuwa sasa yanavunjwa, naomba fungu langu, na siombi makubwa: tofali tano na kipande cha lenta.

Pili, chokaa. Wajerumani walipojenga Boma la Arusha, karibu na mwaka 1900, chokaa ilichomwa Mbuguni, majirani zetu hawa, ikabebwa na wanawake kilomita zaidi ya 30 hadi mjini, huku wanaume wakiburuta mawe na magogo. Hawakulipwa, na aliyechelewa alikumbana na kiboko. Kwa hiyo kabla hamjawa Jiji tulikuwa tumeshawapa vifaa vya ujenzi kwa mkopo, na risiti ipo pale pale Boma, ambalo tangu 1987 ni makumbusho. Wajerumani wenyewe wameanza kulipa kwa namna yao: makao makuu mapya ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, yaliyofunguliwa mwaka 2012, yamejengwa kwa fedha zao. Hakuna mama aliyebeba chokaa. Mmebaki ninyi.

Msije mkanijibu kwamba majengo yale yanalindwa. Nimeuliza. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Lililokuja baadaye lisubiri litangazwe na Waziri. Mwaka 1863 pale mlipo hapakuwa na jengo la mawe hata la kufugia mbuzi. Kwa mujibu wa sheria, basi, Arusha nzima ni mtoto mchanga, Boma likiwemo. Mzee wa miaka 90 aliyesimama Barabara ya Sokoine hana kinga yoyote mpaka mtu wa Dodoma amkumbuke kwa jina.

Tuseme ukweli kidogo hapa, maana barua yote ikiwa ya utani mtaitupa. Majengo mnayojivunia mbele ya wageni ni yale ambayo hamkuyavunja. AICC ilijengwa iwe makao ya Jumuiya ya kwanza. Jumuiya ikafa 1977, nyumba ikabaki. Ikawa kituo cha mikutano, kisha kuanzia 1995 hadi 2015 ikaipangisha Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Rwanda. Ukumbi wa Kaloleni ulikuwa wa watu wa mtaani. Mwaka 1967 TANU wakakaa humo, likatoka Azimio la Arusha, na leo ni makumbusho. Hakuna aliyesema ukuta umezeeka, tuanze na shimo. Hata Mnara wa Saa unaendelea kuwalisha: watalii wanaambiwa wamesimama katikati ya Cairo na Cape Town, wanapiga picha, wanalipa. Ukipima kwa kamba kwenye ramani, katikati inaangukia Kongo. Lakini mnara haujavunjwa, kwa hiyo uongo wake una pa kusimama.

Turudi kwenye kifusi. Masharti yetu ni mepesi. Kiletwe kwa fuso, kimwagwe kwenye barabara yetu kabla ya masika, maana kwa sasa tunaijaza kwa msaragambo na sururu. Ile sehemu yenye mwaka ulioandikwa msiisage. Tutaipanga kando ya barabara, ili wajukuu wanapokwenda shule wajue Arusha ilikuwa na miaka gani.

Na fanyeni haraka, kwa sababu nasi tunawaiga kwa kasi. Shamba la jirani yangu limekatwa viwanja vya mita 20 kwa 20, vigingi vimesimama katikati ya mahindi, na dalali amechora kwenye karatasi mahali pa shule, pa zahanati na pa kuchezea watoto, vyote vitatu kwenye kona moja yenye upana wa kitanda. Mwenyewe amenihakikishia kwamba hapa ni mjini tayari, bado majengo tu. Kwa mwendo huu, tukichelewa kupata kifusi chenu, tutakuwa tunazalisha chetu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mkulima, Kikwe.

Nakala:
Mwenyekiti wa Kijiji – kwa taarifa.
Dalali – aache kunipigia simu.
Dereva wa fuso – kwa utekelezaji.