Arusi Iliyopambwa kwa Waimbaji

Chokaa ya ukumbini ilikuwa bado mbichi shangazi alipotoa amri. Bi arusi ni dada yangu mkubwa, nyumba ni ya baba hapa Malindi, mtaa wa Shella, na shangazi ndiye aliyeshika usukani wa shughuli nzima. Katika kupanga vyumba akalivuta kasha la bati lililokuwa chini ya kitanda cha baba. Mlikuwa na picha za waimbaji: karatasi za kanda, kalenda, mabango ya matamasha, majalada ya santuri. Baba amezikusanya tangu ujana wake.

"Arusi ni nyimbo," akasema shangazi. "Na hawa waje waketi na wageni."

Uji wa ngano ukapikwa, watoto wakapewa mikasi, wakakata kingo ili nyuso zikae vizuri. Ilipofika alasiri, Juma Bhalo, Zein l'Abdin, Malika na Zuhura Swaleh walikuwa wamejipanga ukutani, na kila mwanamke aliyeingia akapiga kigelegele.

Baba akarudi kutoka msikitini, akasimama mlangoni. "Dada," akasema baada ya kitambo, "kingo zi wapi?"

Kingo zilikwisha washiwa moto wa pilau.

Sura ya Juma Bhalo, aliyetutoka mwaka 2014, twaijua sote tuliokulia Pwani. Tusichokijua ni nani aliyekuwa kwenye tabla siku picha ilipopigwa, nani aliyeshika taishokoto, kile kinanda cha Kijapani cha nyuzi na vitufe kilichopata makao katika taarab ya Mombasa. Mambo hayo hukaa pembeni mwa picha na nyuma yake: jina la duka, nambari ya kanda, mpiga chapa. Santuri ya Maulidi Juma, Mombasa Wedding Special, ilitolewa Uingereza mwaka 1990 ikiwa na maelezo yake. Kanda nyingi zilizouzwa hapa kwetu hazikupata bahati hiyo. Karatasi ya kanda ndiyo cheti chake pekee.

Waliotangulia walikosa hata karatasi. Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, santuri za zama zile kwa kawaida zilivikwa bahasha yenye tundu katikati, jina la kampuni likaonekana na mwimbaji asionekane. Ndiyo maana picha zake zinahesabika. Na Fundi Konde, mwana wa Kilifi aliyezaliwa mwaka 1924, aliyepiga gitaa katika kikosi cha burudani cha jeshi wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kila picha yake iliyochapishwa ni ushahidi wa gitaa lipi alilishika na alivaaje mbele ya watu.

Usiku ule chokaa na uji vikafanya kazi yao. Asubuhi tukakuta rangi zimevuja na mende wametafuna pembe. Mama akaleta maji ya vuguvugu na kitambaa, tukabandua pole pole. Karatasi ya Zuhura Swaleh ikapasuka unene wake: uso ukaja mkononi, mgongo ukabaki ukutani. Na nyuma yake baba alikuwa ameandika kwa kalamu majina ya wapigaji, kama alivyoelezwa na muuza kanda. Maandishi yakaonekana kupitia utando ule mwembamba, lakini yamegeuka. Dada akakimbia kuchukua kioo chake cha arusi, akakiweka mkabala na ukuta, akasoma jina moja moja, nami nikaandika daftarini.

Jina la tatu halikusomeka. Shangazi akausogeza uso wa ile picha karibu na dirisha, akamtazama kijana wa nyuma mwenye taishokoto.

"Huyu alipiga arusini kwangu," akasema, akamtaja kwa jina, jina la baba yake na mtaa wake.

Baba akaniambia niandike yote, pamoja na jina la aliyesema.

Ndugu msomaji, kama kabatini mwako mna karatasi ya kanda au bango la bendi ya zamani, usilikate kingo wala usilibandike. Liweke pakavu, lipeleke kwa mzee aliye hai, umuulize kila aliyemo ni nani. Andika nyuma kwa penseli, na umuulize mwaka huu.