Saruji Iacheni: Barua kutoka Pompeii

 Mjomba na wote hapo barazani, habari iliyozunguka mtaani, kwamba nimeletwa Italia kufukua dhahabu ya Warumi, ifuteni, na waliokopa kwa kuitegemea waombe radhi mapema. Mwanagenzi wa uhifadhi hapa Pompeii hukabidhiwa glavu, brashi na mwiko, kisha huonyeshwa ukuta ulioota magugu. Na mimi nasema hiyo ndiyo kazi yenyewe: magofu hayaokolewi na ugunduzi, yanaokolewa na palizi, mifereji na chokaa. Mlima Vesuvius ulipolipuka mwaka 79, majivu na mawe mepesi yaliufukia mji huu, yakautunza kuliko serikali yoyote iliyofuata. Uchimbaji ulipoanza mwaka 1748, maradhi nayo yakaanza. Mvua huingia kwa juu kwenye ukuta usio na paa na kulegeza udongo ulioshika mawe. Mizizi hufuata ufa na kuupanua. Chumvi hupanda na unyevu, hukauka nyuma ya rangi, na picha ya ukutani iliyodumu karne kumi na saba gizani hubanduka vipande vipande. Ndiyo maana theluthi moja hivi ya mji ingali chini ya ardhi na wahifadhi hawana haraka nayo. Juu yake wamewekwa kondoo wapunguze majani. Watumishi wa urithi wa dunia hao, na hawadai posho.

Wewe mjomba, kwa ufundi wako, utauliza kwa nini wasipige saruji wakamaliza. Walipiga. Jengo moja la hapa, Schola Armaturarum, lilibomolewa na mabomu ya mwaka 1943. Likajengwa upya, kuta za kale zikabebeshwa paa la zege. Novemba 2010, baada ya mvua kubwa, likaanguka lote. Saruji yenyewe si mbaya, ila ni ngumu kuliko ukuta wa kale. Ukuta wa kale hunywa maji na kuyatoa. Saruji huyafungia ndani, chumvi ikala jiwe taratibu, mwishowe plasta imesimama imara na nyuma yake hamna ukuta. Chokaa ni laini, kwa hiyo huliwa yenyewe kwanza, jiwe likapona, na kuipaka upya si kazi ya kumtia mtu hasara.

Shangazi naye atakuja juu kuhusu fedha, maana baada ya aibu ya jengo lile kuanguka ulianzishwa mradi wa euro milioni 105, na hizo ni hospitali ngapi? Hoja yake nzito, simbishii. Lakini gharama hiyo haikuletwa na kuhifadhi. Ililetwa na miaka ya kutozibua mifereji. Anayetaka fedha zibaki hospitalini ndiye hasa anayepaswa kudai mpalizi aajiriwe mapema.

Kwetu hali haiko mbali. Magofu ya Kilwa Kisiwani ni matumbawe na chokaa, na yalikaa miaka kumi, 2004 hadi 2014, katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Kwa hiyo ile mifuko ya saruji mliyochanga kuzibia nyufa za msikiti wa kale, mjomba, jengeeni vyoo vya shule. Kwa msikiti, mtafuteni fundi wa chokaa angali hai, na mumpe vijana wawili wa kumfuata.