Sifa za Kibonyeo

Washairi wa mwambao wameshasifu jahazi, mnazi na macho ya wake za watu, lakini sijasikia hata mmoja aliyekaa kitako akakisifu kile kibonyeo kidogo kinachoonekana kwenye fataki ya risasi ambayo haijapigwa. Deni hilo nalilipa leo, na nalilipia Kiriri, maana mtaa huu una haki nacho kuliko mitaa mingi ya Bujumbura.

Kiriri iko mlimani. Ukisimama barabarani unaliona Ziwa Tanganyika limelala mbele yako, na ng'ambo yake milima ya Uvira. Kule chini Buyenzi mtu hulindwa na majirani, ambao wanajua hata umepika nini. Huku juu mtu hulindwa na ukuta, juu ya ukuta waya, getini zamu, na kama mwenye nyumba ni mkubwa serikalini, kando ya zamu askari mwenye Kalashnikov. Hapo ndipo mheshimiwa wetu anapozaliwa.

Mtazame askari huyo anapoingia lindo jioni. Anachomeka magazini, anavuta bolti mpaka mwisho, anaiachia: kachaa! Risasi ya kwanza imeingia chemba. Usiku unapita, mwizi hatokei (wezi wenye akili hawapandi mlima). Asubuhi anachomoa magazini, anavuta tena, risasi inaruka na kudunda kwenye saruji. Anaiokota, anaifuta vumbi kwa shati, anaikandamiza juu ya wenzake ndani ya magazini. Jioni inaingia ile ile. Sasa igeuze uitazame kitako. Katikati pana fataki, kiduara cha madini, mara nyingi kimezungushiwa rangi ya kuzuia unyevu. Na katikati ya fataki pana kibonyeo. Pitisha ukucha, utakihisi. Wala hakuna aliyegusa kifyatulio.

Askari mgeni huingiwa na hofu hapo: risasi imerogwa, au bunduki ilitaka kumsaliti usingizini. Hakuna uchawi. Ndani ya bolti mna pini ya kufyatulia isiyo na springi ya kuizuia. Inateleza mbele na nyuma itakavyo. Bolti ikijifunga kwa kishindo husimama ghafla, lakini pini haijapata habari, inaendelea na safari yake mpaka inaifikia fataki na kuipigia hodi. Fataki za kijeshi hutengenezwa ngumu makusudi kwa ajili ya wageni wa namna hii. Hazifungui mlango.

Niambieni basi, katika mapigo yote ambayo bunduki hupiga, ni lipi lingine lenye adabu kama hilo? Kwenye FAL ya Wabelgiji, pini hurudishwa nyuma na springi, kwa hiyo kwa kawaida risasi zake huingia chemba na kutoka uso mkavu, bila salamu. Watawala wetu wa zamani hawakuwa watu wa kubisha hodi. Lakini SKS ya Simonov, Kalashnikov, hata M16 ya Wamarekani, zote hizo pini zake hutembea huru, nazo husalimia. SKS za mwanzo zilikuwa na springi kwenye pini. Warusi wenyewe wakaiondoa baadaye.

Tena kibonyeo ni mkweli. Daftari la lindo linaweza kujazwa uongo asubuhi, kwa kalamu ya kuazima, na mtu aliyelala usiku kucha. Fataki haiazimi kalamu. Kikiwa kimoja na chepesi, risasi ni mgeni; kikiwa kimechimbika na kingo zake zimevurugika, risasi hiyo imeingia na kutoka mara nyingi, na kila mara imerudi nyumbani bila kumtoa mtu roho. Ni askari wangapi wenye cheti kama hicho?

Mwenye shaka na tofauti ya hodi hii na pigo la kuua na apande Vugizo, mlima huu huu, kwenye kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore. Alipigwa risasi tarehe 13 Oktoba 1961 akiwa Hoteli Tanganyika, wiki chache tu baada ya chama chake cha UPRONA kushinda uchaguzi. Mgiriki Jean Kageorgis, aliyefyatua, alitimiziwa hukumu ya kifo tarehe 30 Juni 1962. Kesho yake Burundi ikawa huru. Fataki ile haikupigiwa hodi. Ilivunjwa mlango. Na kati ya pigo lile na hili ninalolisifu, ukipima kina kwenye fataki, tofauti haifiki milimita moja.

Kwa kuwa milimita ni chache, msifiwa wetu asipewe kichwa. Mwaka 1963, Wamarekani walipokuwa wakiiandaa M16, salamu za pini zilikuwa nzito mno, risasi ikaweza kulia bolti inapojifunga tu; pini ikapunguzwa uzito. SKS iliyojaa grisi iliyoganda nayo inaweza kuing'ang'aniza pini ikiwa imejitokeza mbele, na ukiitia risasi za kiraia zenye fataki laini, hodi ya kwanza huitikiwa kwa mlipuko. Hata fataki ngumu, ikibishwa kila jioni, baruti yake ya ndani huweza kupasuka na kusagika, halafu siku inayohitajika kweli ikanyamaza.

Kwa hiyo, maafande wa malindo ya Kiriri, ombi langu ni dogo. Pini isafishwe, isiogeshwe mafuta. Mtutu uelekezwe pasipo na mtu kila bolti inapoachiwa. Na ile risasi ya juu, inayoingia kila jioni na kutoka kila asubuhi, ikishachimbika msiirudishe chemba tena: irudisheni ghala la silaha, mwandike jina lake kwenye daftari, mpewe nyingine.