Mnong'ono, Shangazi na Kitambaa: Jinsi ya Kuijaribu Risiva ya Sebuleni

Ukiingia dukani kutafuta risiva ya sinema ya nyumbani, lile sanduku zito linalopokea sauti ya king'amuzi na deki na kuigawia spika zote, jambo la kwanza atakalofanya muuzaji ni kufungulia sauti mpaka vioo vya kabati vicheze. Mwache afurahi. Akimaliza, mwombe aishushe mpaka mtu aliye mlangoni adhani pamezimwa, kisha aweke filamu yenye watu wawili wanaonong'onezana usiku. Kaa kitini. Ukiwasikia neno kwa neno bila kuikaza shingo, hapo ndipo mazungumzo ya bei yaanze. Kelele hata baa ya jirani inaziweza. Mnong'ono unaoeleweka ni ufundi.

Filamu zenye sauti ya chaneli 5.1 hupitisha sehemu kubwa ya maneno kwenye spika ya katikati, ile inayolala chini ya televisheni, huku muziki na mirindimo ikienda pembeni na kwenye sabufa. Kwa hiyo tafuta namna ya kuipandisha spika hiyo peke yake, desibeli 2 au 3, filamu ikiwa inaendelea. Kama rimoti inakupeleka huko kwa vibonyezo viwili, vizuri. Kama ni lazima usimamishe picha na kupita kurasa nne za menyu, utaichukia kabla ya Idi.

Muuzaji atakuja na wati. Boksi limeandikwa wati 150 kwa chaneli, na yeye anazitaja kama mahari. Geuza boksi usome maandishi madogo. Mara nyingi wati hizo zimepimwa chaneli moja tu ikifanya kazi, kwa omu 6, kwa sauti moja ya hezi 1,000, na upotofu wa asilimia 10, ambao sikio lolote linausikia kama mkwaruzo. Kipimo cha kuaminika ni cha chaneli mbili kwa pamoja, omu 8, kuanzia hezi 20 hadi 20,000, upotofu chini ya asilimia 0.1. Hapo zile 150 huwa 80 au 90, na hizo zinatosha kabisa. Kutoka wati 50 hadi 100 unapata desibeli 3 tu, tofauti ndogo. Ili sauti isikike kubwa mara mbili unahitaji takriban desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Usiongeze laki mbili kwa ajili ya wati 20.

Kisha inyanyue risiva yenyewe. Nasema kweli, ikumbatie uinyanyue. Uzito mkubwa unatokana na transfoma na mabati ya kupoza joto, na transfoma hiyo moja ndiyo inayozilisha chaneli zote pale filamu inaponguruma. Ukiwa umeikumbatia hivyo, soma bati la nyuma. Mtumba uliotoka Marekani huandikwa volti 120, na umeme wetu ni 230. Nilimwona rafiki yangu akichomeka moja kama hiyo kwa furaha, na furaha ile ilidumu kwa muda wa moshi mmoja. Mtu ambaye amedunduliza miezi minane hastahili maumivu hayo, kwa hiyo soma bati kabla hujatoa pesa.

Ukifika nyumbani, simama katikati ya sebule upige kofi moja kali. Sebule zetu nyingi zina vigae chini, saruji kila upande, na madirisha ya vioo vitupu. Kofi likikujibu kwa mlio wa kengele, usiilaumu risiva. Tandika zulia, shusha mapazia mazito, kisha piga tena. Zulia moja lililowekwa mbele ya spika linaweza kufanya kazi ambayo risiva ya bei mara mbili haiwezi.

Sasa toa ile maikrofoni ndogo iliyomo kwenye boksi. Denon wanatumia mfumo wa Audyssey na Yamaha wana YPAO, na kazi ni ileile: kila spika inatoa mlio, maikrofoni inasikiliza, risiva inapima umbali na kurekebisha sauti iendane na chumba. Kazi hii inataka ukimya kama wa mtihani wa darasa la saba. Zima feni. Subiri adhana iishe. Wapeleke watoto wakanunue ndimu, hata kama ndimu zipo. Maikrofoni isimame kwenye stendi kwa urefu wa masikio ya mtu aliyeketi, si juu ya mto wa kochi. Ikimaliza, kagua majibu. Sabufa iliyo mita 2 inaweza kusomeka mita 4, nawe usiisahihishe, kwa sababu vifaa vya ndani ya sabufa huchelewesha sauti kidogo na risiva imehesabu ucheleweshaji huo. Spika zikisomeka kuwa kubwa, ziandike ndogo na besi zote chini ya hezi 80 zipeleke kwenye sabufa. Utasikia maneno yakipata nafasi ya kupumua.

Hayo yote ni ya masikio. Urahisi wa kutumia una mtihani mmoja tu, nao ni Shangazi.

Mwalike jioni. Mkaribishe chai, kisha mpe rimoti bila maelezo yoyote. "Shikamoo, Shangazi. Hebu tuwekee taarifa ya habari." Kaa kimya. Kama waya wa HDMI umeingia kwenye tundu lililoandikwa ARC kwenye televisheni na kwenye risiva pia, na udhibiti wa pamoja umewashwa kwenye menyu za vyote viwili, atawasha televisheni kwa rimoti yake ya siku zote, risiva itaamka yenyewe, na sauti atapandisha kwa kitufe kilekile anachokijua. Huo ni ushindi. Akianza kuuliza, "Mwanangu, mbona hapa imeandika hasi thelathini na tano, kuna deni?" ana haki. Sifuri kwenye kipimo hicho ni kiwango cha sinema, ambapo spika moja huweza kufika desibeli 105, na sisi nyumbani tunasikiliza chini yake sana. Risiva nyingi zinaweza kubadilishwa zionyeshe namba zinazoanzia sifuri kwenda juu. Badilisha siku hiyohiyo, mbele yake.

Mwishoni mwombe azime kila kitu. Akibonyeza mara moja na chumba kikanyamaza, hukukosea kuinunua. Akibonyeza na televisheni ikazima huku risiva ikiendelea kuwaka, rudi kwenye menyu kabla hajaondoka.

Kwa muziki mimi hutumia taarabu. Kanuni, fidla, akodiani na dumbaki vikipiga pamoja, unapaswa kuweza kunyoosha kidole mahali kila mpigaji alipokaa. Rekodi za zamani zinataka heshima zaidi. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, sauti ya njia moja, na risiva inayoitawanya kwenye spika saba inamfanya aimbe kutoka kisimani. Tafuta kitufe cha kupitisha sauti jinsi ilivyo.

Kisha chomoa waya ukutani, hesabu hadi mia, uchomeke tena. Umeme utakatika, hilo halina mjadala, na risiva isiyokumbuka vipimo itakurudisha kwenye maikrofoni na ndimu kila wiki.

Kimebaki kitambaa. Juu ya kila risiva kuna matundu, na mkono wa mama hauwezi kuona sehemu tambarare bila kuitandikia kitambaa cha kufuma. Tazama filamu ya saa mbili, weka kiganja juu ya bati, usikie lile joto. Mwite mama naye aweke kiganja chake. Acha sentimita 10 au zaidi wazi juu ya risiva, na kitambaa kihamie kwenye sabufa, kisifike bati lake la nyuma. Chombo cha maua hapana. Kitatembea.