Mabwana Wawili, Utepe Mmoja

Kabla ya mwaka 2003, ulipoletwa utaratibu wa kila diski kuwa na waya wake peke yake, ilikuwa ada ya tarakilishi kufungwa diski mbili katika utepe mmoja mpana, kwa sharti kwamba mojawapo iwe bwana na ya pili iwe mtumwa; na daraja hizo hazikupatikana kwa nasaba wala kwa mali, bali kwa kizibo cha plastiki kisichozidi sana punje ya mchele, kilichochomekwa nyuma ya diski.

Shemeji yangu, mtu asiyekubali kutupa hata betri iliyokufa, alinunua kwa fundi mmoja wa Kikwajuni diski iliyokwisha tumika, ili taarab zake, alizozihamisha zote kutoka katika kanda, zipate wasaa. Diski zote mbili zilizoea ubwana, kila moja katika mashine yake. Basi tarakilishi ilipowashwa na kuita, zote ziliitika "naam" kwa mpigo mmoja, nayo isisikie hata moja, ikatangaza kwamba haina diski kabisa.

Fundi akaitwa, akaja na kibano cha nyusi alichoazima kwa mkewe, akakibana kile kizibo, nacho kikamponyoka kikatoweka. Tukapekua mkeka kwa kurunzi. Shemeji akaleta sumaku, akafukuzwa nayo kwa ukali. Hatimaye dada yangu, aliyekuwa akichagua mchele barazani, akauliza toka kwenye ungo wake: "Na jiwe hili jeusi la mraba, limetoka shamba gani?"

Diski zikaonekana zote mbili, tukamhimidi Mola. Lakini Windows 98 ilikuwa na kanuni yake katika kugawa herufi: diski ya zamani ilikuwa imekatwa mapande mawili, C na D, na mgeni alipoingia, pande lake kuu lilitangulizwa likatwaa D, ilhali D ya awali, pamoja na taarab yote, ikasukumwa hadi E. Shemeji akafungua D akitaraji fidla na ganuni. Likafunguka daftari la madeni la duka la mtaani, lililokuwa likiitumia diski ile kabla yake, na jina lake yeye limo juu kabisa, pamoja na sukari na mafuta ya taa ambayo hajayalipa hata leo.

Dada yangu akasogea kusoma. Shemeji akamgeukia fundi, akamwuliza kwa upole usio desturi yake, kama hakuna namna ya kukigeuza tena kile kizibo diski ile isionekane.

"Ipo, mzee," akasema fundi, "lakini na taarab nayo haitaonekana."