Bei Chee, Neema Tele

Wasio na shukrani wanadai kazi ya keshia kwenye maduka makubwa ya bei chee, kuanzia Tegeta hadi Mbagala Rangi Tatu, ni ngumu. Ngumu wapi? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ni bahili: saa 45 za kawaida kwa wiki, basi. Tajiri kwa ukarimu wake huongeza nyingine, wala hamtozi keshia hata senti.

Kiti hakuna, maana kukaa huleta kitambi. Askari wa gwaride la Desemba 9 husimama asubuhi moja tu, tena kwa makofi. Keshia husimama kila siku bila kumsumbua mpiga makofi yeyote. Jioni hupekuliwa mkoba mlangoni kama abiria wa Dubai, ingawa anakwenda kugombania daladala. Hesabu ya droo ikipungua, hukatwa mshahara; ikizidi, duka humsaidia kubeba mzigo huo.

Mteja asiyepata chenji ya shilingi hamsini hupewa pipi. Nasikia makeshia wameomba nyongeza ya nauli, na msimamizi amelichukulia ombi hilo kwa uzito: ameanza kuhesabu pipi.