Namna ya Kuitia Adabu Kompyuta ya Baiskeli

Kompyuta ya baiskeli hutoka kwenye boksi ikiwa na maneno mengi. Inataka kujua uzito wako, umri wako na mapigo ya moyo wako, na kila baada ya umbali fulani inapiga mlio kukupongeza. Imelelewa na watu wa mashindano. Wewe unapanda kutoka Mombo kwenda Lushoto na hema, sufuria na mifuko miwili nyuma, kwa hiyo elewaneni kabla hamjatoka nyumbani.

Anza na kurasa. Futa zote, bakiza mbili: ramani, na ukurasa wa namba nne tu, yaani umbali uliobaki, mwinuko uliobaki, saa na betri. Kasi iondoe; kwenye kona za kupandia mji wa Soni, njiani, magoti yatakupa habari hiyo bila kuulizwa. Zima milio yote isipokuwa ule wa kukuonya kwamba umeacha njia.

Sasa njia yenyewe, na hapa usifanye haraka. Usikiamuru kidude kikupeleke Lushoto halafu ukakifuata. Kisipowekewa masharti, kinaweza kukuona wa kupita popote, kikachagua mstari mfupi kuliko yote hata kama ni kijia cha mbuzi. Njia ya mwongo ni fupi, na wahenga hawakuwa na setilaiti. Chora njia mwenyewe nyumbani, faili moja la GPX kwa siku moja, na kila mstari unapoacha lami, usogelee kwenye picha za angani uone unakokwenda. Ramani za vifaa vingi zinatokana na OpenStreetMap, iliyoanzishwa mwaka 2004 na kuchorwa na watu wanaojitolea. Dar es Salaam ilipata bahati: kuanzia mwaka 2015, wanafunzi na wakazi katika mradi wa Ramani Huria waliipita mitaa kwa miguu wakaandika hata mitaro ya maji. Huko milimani, kijia kinaweza kuwa kimechorwa na mtu aliyekiona kutoka angani tu, na picha haikumwambia masika hukifanya nini.

Kisha tafuta mahali palipoandikwa kupanga njia upya, uzime. Nakusihi. Kikiachiwa ruhusa hiyo, ukitoka nje ya mstari kidogo tu kwenda kunywa chai Mombo, kidude kinadhani umepotea na kuanza kukubunia safari nyingine. Kikizimwa, mstari wako unakungoja palepale, na chapati unaimaliza kwa raha. Na ukipotea kweli, muulize mama anayeuza peasi kando ya barabara. Yeye anajua daraja lipi limekatika wiki hii. Ndiyo maana uandike majina ya vijiji kwenye karatasi, kwa sababu hakuna anayeelekezwa kwa nyuzi za latitudo.

Mwinuko nao unahitaji usimamizi. Mombo iko kwenye mita 400 hivi, Lushoto karibu 1,400, na kati yao ni kilomita 33 hivi. Vifaa vingi hupima mwinuko kwa shinikizo la hewa. Shinikizo likishuka mvua inapokuja, kidude kinaamini umepanda wakati umejibanza barazani kwa watu. Kila asubuhi kiwekee mwinuko sahihi wa mahali ulipolala.

Siku ya kwanza katika nchi mpya, kiweke mahali penye anga wazi ukiwa unafunga mizigo. Setilaiti ya GPS huchukua dakika 12 na nusu kutuma ratiba kamili ya wenzake, nawe huna haja ya kungoja umekaa juu ya kiti cha baiskeli.

Umeme sasa. Punguza mwanga wa skrini, na beba betri ya akiba hata kama gurudumu lako lina dainamo. Dainamo inataka mwendo, na kupanda Soni na mizigo si mwendo wa kuchajia kitu. Kifunge kidude kwa kamba kwenye usukani, na ukiingia mgahawani kichomoe uingie nacho.

Ukifika Lushoto, hifadhi safari kwanza ndipo uzime. Halafu chomeka chaja jioni hiyohiyo kabla hujaoga, maana umeme ukikatika usiku, asubuhi hutakuwa na pa kuichomeka.